Kadi ya Matundu Hamsini

Mizani ya Barabara Kuu
3 Machi

Mwalimu wa Jiografia ya Binadamu,
Kitengo cha Masomo kwa Posta.

Mheshimiwa Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wako namba 417. Hatujuani kwa sura, na kwa jinsi kozi hii ilivyo huenda tusijuane kamwe, maana nyinyi mnatuma kitabu kwa posta na sisi tunarudisha kadi ya majibu kwa posta. Lakini nimeona si adabu kukutumia kadi kavu bila salamu, kama mtu anayetupa takataka dirishani.

Kazi yangu ni karani wa mizani. Lori linapanda juu ya chuma, ninaandika uzito wa kila ekseli ya magurudumu, na likizidisha linarudi kupunguza mzigo. Tuko makarani wawili, mlinzi mmoja na vumbi. Shule hakuna, duka hakuna. Simu ya ofisini ni ya kazi tu, na mkuu wa kituo anailinda kuliko anavyolinda mke wake, kwa hiyo ninaandika.

Nalisomea jaribio lako kwa sababu moja. Makao makuu wametangaza nafasi ya karani wa takwimu, na makao makuu yako mjini anakoishi binti yangu na bibi yake mzaa baba. Ana miaka saba, tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyopenda kusema. Baba yake hatunaye tena, na huku kwenye malori singeweza kuja naye. Wanaotaka nafasi hiyo lazima wawe na cheti cha Utangulizi wa Jiografia ya Binadamu, na kifike mezani kabla ya tarehe 30 Juni. Jaribio ni 21 Mei. Nimeshamwahidi mtoto kwamba Julai niko nyumbani, na yeye ameshawatangazia mtaa mzima.

Naambatanisha kadi yangu ya mazoezi, maswali yote hamsini. Nimeisoma sura ya uhamaji mara tatu na sura ya miji mara nne. Kwa kweli ninaona nimefanya vizuri. Kama kuna nilipoteleza, nieleze kwa nini.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi namba 417


Kitengo cha Masomo kwa Posta
14 Machi

Mwanafunzi namba 417,

Marahaba. Kadi yako imepokelewa na kusahihishwa. Umepata 11 kati ya 50. Alama ya kufaulu ni 25.

Nimezungushia wino mwekundu pale ulipokosea na pembeni nimeandika herufi ya jibu sahihi. Usivunjike moyo. Wanafunzi wengi wa mwaka huu wanapata alama za namna hiyo, na Mkuu wa Kitengo anasema ni dalili kwamba kiwango cha kozi kimepanda.

Ushauri wangu ni huu: soma swali mara mbili, jibu mara moja. Unaruhusiwa kurudisha kadi ya mazoezi mara moja zaidi kabla ya jaribio.

Mkufunzi,
Jiografia ya Binadamu


Mizani ya Barabara Kuu
25 Machi

Mheshimiwa Mwalimu,

Shikamoo. Kumi na moja! Nimeiweka kadi yako juu ya meza nikaizunguka kama anayezunguka nyoka. Nimekasirika, na kwa kuwa hunioni naomba niseme tu.

Tuanze na swali la 9. Wilaya ina watu 120,000 na eneo la kilomita za mraba 400. Msongamano wa watu ni upi? Kitabu chako mwenyewe, ukurasa wa 22, kinasema idadi ya watu igawanywe kwa eneo. Nimegawanya. Nimepata watu 300 kwa kila kilomita moja, nikatia alama kwenye C. Wewe umeandika jibu ni B. Mwalimu, B ni milioni arobaini na nane! Watu milioni arobaini na nane katika kilomita moja ya mraba watasimama wapi? Kichwani kwa nani? Mimi napima mizigo miaka sita sasa, najua kitu kikizidi. Hicho kimezidi.

Swali la 17. Watu wengi wanaohama, huhamia wapi? Kitabu kinasema wengi huhamia karibu na walikotoka, wachache ndio huenda mbali. Nimejibu karibu. Umenikata.

Swali la 31. Kati ya duka la chumvi na hospitali kubwa ya rufaa, kipi kinahitaji watu wengi zaidi kukizunguka ndipo kiweze kuendelea? Nimesema hospitali. Umenikata, ukaandika chumvi.

Swali la 40, nchi yenye watoto wengi kuliko wazee, mchoro wake wa umri una umbo gani? Nimesema mpana chini, mwembamba juu. Wewe unasema mwembamba chini, mpana juu. Nimemchorea dereva mmoja wa lori huo wako, nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Dada, hiyo si ni pia ya kuchezea?"

Kuuliza si ujinga, Mwalimu. Nifafanulie hata swali moja tu, hilo la 9. Gawanya mwenyewe. Mwenzangu wa zamu ananiambia, "We naye, waliosoma ndio wanajua, kariri tu herufi upite." Labda. Lakini mimi sijui kukariri nisichokielewa, ndiyo maana nilifika hapa nilipofika na sikufika mbali zaidi.

Mwanafunzi namba 417


Kitengo cha Masomo kwa Posta
6 Aprili

Mwanafunzi namba 417,

Marahaba. Barua yako ndefu nimeisoma.

Kitengo hiki kinasahihisha kwa mwongozo. Mwongozo uliandaliwa na watu waliosoma kuliko mimi na kuliko wewe. Mwongozo unasema swali la 9 ni B. Mimi si wa kuupinga, na wewe vilevile.

Pengine kosa lako ni kufikiri sana. Maswali ya kitaalamu hayajibiwi kwa mambo ya barabarani. Rudia kadi, fuata herufi nilizokuandikia, kisha jaribu kuelewa kwa nini ziko hivyo. Ukishajua jibu, sababu yake haikosekani.

Nakutakia maandalizi mema. Wewe ni mwanafunzi mwenye bidii. Tangu nianze kazi hii hakuna mwingine aliyewahi kuniandikia neno zaidi ya namba yake.

Mkufunzi,
Jiografia ya Binadamu


Mizani ya Barabara Kuu
19 Aprili

Mheshimiwa Mwalimu,

Shikamoo. Nimesalimu amri.

Siku mbili baada ya kuipata barua yako nilikuwa na hasira hata nikamrudisha dereva aliyezidisha kilo tisa. Siku ya tatu nikajiuliza: mimi ni nani? Nimeishia kidato cha nne, nimekaa miaka sita nahesabu matairi, halafu nabishana na mwalimu. Nikachukua herufi zako, nikakaa nazo kama ulivyosema, na sababu zimekuja zenyewe. Nazieleza hapa ili uone kama nimeshika.

Kuhama: kumbe watu wengi huenda mbali. Mimi mwenyewe si mfano? Niko safari ya siku nzima kutoka kwa mwanangu. Nilikuwa naangalia kitabu, sikujiangalia mimi.

Chumvi na hospitali: kila mtu anakula chumvi kila siku, lakini mtu anaweza kufa bila kuiona hospitali ya rufaa. Kwa hiyo chumvi ndiyo inayohitaji watu wengi. Umeona?

Mchoro wa umri: nimeamua kwamba watoto wengi wakizaliwa, miaka inapopita wote wanapanda juu, na chini kunabaki kwembamba. Dereva bado anasema ni pia. Nimemwambia hajasoma.

Lile la 9 limenishinda, sitakudanganya. Nimelikariri tu: ukiona watu na eneo, zidisha. Nilipoandika B mkono wangu ulikataa kidogo, nikaulazimisha. Mambo ya barabarani yananisumbua, ulisema kweli.

Ukurasa wa 22 wa kitabu nimeubandika kwa gundi na wa 23 ili nisiuone tena.

Naambatanisha kadi ya pili. Chiriku ameniandikia barua kupitia bibi yake, ameuliza kama Julai ni kabla au baada ya kung'oka jino lake linalocheza. Nimemjibu Julai haisubiri jino.

Mwanafunzi namba 417


Kitengo cha Masomo kwa Posta
30 Aprili

Mwanafunzi namba 417,

Marahaba, na hongera! Umepata 41 kati ya 50. Hakuna aliyefika hapo mwaka huu. Kadi yako nimemwonyesha Mkuu wa Kitengo, amefurahi, amesema hayo ndiyo matunda ya kiwango kupanda.

Kuhusu swali la 9, usilifikirie tena. Ni swali moja tu kati ya hamsini.

Pumzika, kula vizuri, na siku ya jaribio uende na kalamu mbili.

Mkufunzi,
Jiografia ya Binadamu


Mizani ya Barabara Kuu
12 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Hii ni fupi, lori la posta liko kwenye mzani na dereva ananipigia honi.

Arobaini na moja nimeibandika ukutani juu ya daftari la uzito. Mwenzangu hanitanii tena, jana aliniomba nimfundishe. Tarehe kumi na tisa napanda gari la kwenda kituo cha jaribio, na majibu yote nayajua kama jina langu. Bila wewe ningekwenda kule na akili zangu zilezile za mwanzo nikaanguka.

Mungu akulipe. Mama mkwe ameshaanza kuhamisha magunia chumba cha nyuma ili nipate pa kulala.

Mwanafunzi wako,
417


Kitengo cha Masomo kwa Posta, Stoo
6 Juni

Kwa mwanafunzi namba 417,

Barua hii siiandiki kwa karatasi ya ofisi, na utaona sijaweka muhuri. Nakuomba ukae kitako kabla ya kuendelea.

Jaribio lako umepata 13 kati ya 50.

Mimi si mwalimu. Mimi ni karani wa stoo. Nimetunza vitabu, chaki na kadi za kitengo hiki miaka ishirini na nane, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mwalimu wa jiografia alistaafu Desemba. Mkuu akasema hakuna haja ya kuajiri mwingine upesi, kwa kuwa kadi husahihishwa kwa kadibodi yenye matundu. Unailaza juu ya kadi ya mwanafunzi, alama ikionekana kwenye tundu, amepata, isipoonekana, amekosa. "Hata wewe unaweza," akaniambia. Na mimi nikaweza.

Kadibodi ya mazoezi aliyoiacha mwalimu ilikuwa imechoka, inakatika. Januari nikatengeneza mpya kwa boksi la sabuni. Niliyapima matundu yote hamsini kwa rula, moja moja, siku tatu, na nilijivuna. Nikaipaka vanishi ili idumu, nikaitundika kwenye msumari ikauke. Kesho yake, ilipokauka, ndipo nilipokumbuka kuandika neno JUU. Nikaliandika palipokuwa na msumari, maana huko ndiko kulikokuwa juu. Sikujua kwamba niliitundika miguu juu, kichwa chini.

Tangu siku hiyo nimewasahihisha watu wote kwa kadibodi iliyopinduka. Swali la kwanza kwa tundu la swali la hamsini, A kwa D. Hakuna aliyelalamika isipokuwa wewe.

Jaribio lenyewe lina kadibodi yake, ya mwalimu, iliyokuwa kwenye bahasha iliyofungwa kabatini kwa Mkuu. Nimeifungua juzi, mwandiko wake uko wazi, JUU hapa, CHINI hapa. Nimesahihisha kadi thelathini na moja. Wamefaulu watatu. Nikaangalia majina, na wote watatu ni wale ambao hawakuturudishia kadi za mazoezi hata mara moja. Wavivu. Waliobaki, kila aliyefanya bidii zaidi ameanguka zaidi, na wewe ndiye wa mwisho kabisa. Hapo ndipo nilipokwenda kuichukua kadibodi yangu msumarini nikaipindua, nikaona.

Sasa lile baya kuliko yote. Aprili, ilipofika barua yako ya kusema nigawanye mwenyewe, niligawanya. Vitabu ninavyo humu stoo, magunia na magunia. Nilifungua ukurasa wa 22, nikagawanya nyuma ya karatasi ya oda, nikapata 300. Nikagawanya tena. Nilijua uko sahihi. Nikajiambia labda ni swali hilo moja lililokosewa, na nikakuandikia uufuate mwongozo. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa unaniita Mwalimu. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, na nilijua nikikiri swali moja, utaniuliza la pili, na la pili silijui.

Kadi yako ya jaribio ninayo hapa mbele yangu. Kuna maswali ishirini na mbili ambayo ulitia alama kwanza kwenye jibu la kweli, kisha ukalifuta na kuhamia la uongo. Kwa kanuni, lililofutwa halihesabiki. Ungeacha mkono wako ulivyokwenda, ungepata 35.

Kesho naingia kwa Mkuu kumweleza. Sijui atasemaje. Sina uso wa kukuomba msamaha, lakini naomba.

Karani wa stoo


Mizani ya Barabara Kuu
15 Juni

Mzee wa stoo,

Shikamoo, kwa sababu ya umri wako tu.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zile arobaini na moja, na hongera zako, na kalamu mbili, kumbe ni kilemba cha ukoka, na mimi nikakivaa nikatembea nacho mbele za watu! Siku ya jaribio nilikaa katikati ya wenzangu, na kila swali mkono wangu ulikwenda mahali pake, nami nikaushika kwa mkono mwingine nikauvuta. Mara ishirini na mbili. Nilidhani ndiyo elimu hiyo.

Boksi la sabuni ningekusamehe leo hii. Mimi mwenyewe niliwahi kupima malori wiki nzima sindano ya mzani imekwama kwenye tani mbili. Ila si pale ulipogawanya ukapata 300. Siku ile ulikuwa na kalamu na bahasha, na ilikuwa mwezi mmoja na nusu kabla ya jaribio. Ungeniandikia mistari miwili tu. Ukachagua kuitwa Mwalimu. Mimi nina mtoto anayehesabu siku kwa kukata mistari ukutani, na wewe ukachagua hilo.

Sasa nisikilize. Mwisho wa kupeleka vyeti ni tarehe 30, na kama Mkuu wako ni yule anayefurahia kiwango kupanda, hatanyanyua kidole. Kwa hiyo sikumsubiri. Juzi nilipanda lori la saruji mpaka makao makuu, saa kumi na moja za njia, nikaiweka barua yako mezani kwa afisa utumishi, yote, pamoja na palipoandikwa ulivyojua ukanyamaza. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huyu mzee anajua umeileta hapa?" Nikamwambia hajui. Akasema, "Itamgharimu." Nikamwambia na mimi imenigharimu.

Nilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwa mwanangu na sikwenda. Ningemwambia nini? Lori lilikuwa linarudi.

417


Kitengo cha Masomo kwa Posta, Stoo
8 Julai

Binti yangu, kama utaniruhusu,

Umefanya vizuri. Nilipoingia kwa Mkuu tarehe 7 Juni aliniuliza, "Waliolalamika ni wangapi?" Nikasema mmoja. Akasema, "Basi mjibu huyo mmoja, tusiwashe moto." Nikatoka. Huo ndio ukweli, nilitoka. Ningekuwa na moyo kama wako ningelala mlangoni pake.

Wiki mbili baadaye afisa utumishi wenu akapiga simu, akatuma na nakala ya barua yangu. Mkuu aliniita akanisomea barua yangu mwenyewe kwa sauti, mbele ya makatibu wote, kila neno, hata lile la kuitwa Mwalimu. Kuna waliocheka. Nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa kwenye usahihishaji. Nimebakiza miezi kumi nistaafu, wameniachia stoo.

Jaribio litarudiwa kwa wote tarehe 2 Agosti. Litasahihishwa na mwalimu wa sekondari ya jirani, mtu mwenye shahada. Nakutumia kitabu kipya kwa sababu najua ukurasa wa 22 wa chako uliubandika gundi. Kadibodi ile nimeipasua. Afisa wenu ameahidi kuishikilia nafasi mpaka mwisho wa Agosti, kwa hiyo ni wiki chache tu zimeongezeka.

Karani wa stoo


Mizani ya Barabara Kuu
19 Julai

Mzee,

Shikamoo. Kitabu kimefika.

Hujui kazi uliyonipa. Kujifunza si kugumu. Kusahau ulichojifunza ndiko kugumu. Nasoma kwamba wanaohama wengi huenda karibu, na kichwani kuna sauti inasema, hapana, mbali, si wewe mwenyewe mfano? Sababu zile nilizozitunga zilikuwa nzuri mno, Mzee, zimeota mizizi. Kila jioni nazing'oa moja moja. Ile ya chumvi imekataa kabisa kutoka, nimemwomba mwenzangu aniulize kila lori likipita, "Chumvi au hospitali?" Madereva wanadhani tumerukwa na akili.

Shule zimefunguliwa Jumatatu iliyopita. Nilimwandikia mama mkwe amweleze Chiriku kwamba kazi imechelewa. Hajaniandikia yeye mwenyewe. Nasema ni wiki chache tu, kama ulivyosema wewe.

417


Kitengo cha Masomo kwa Posta, Stoo
16 Agosti

Binti yangu,

Umepata 47. Mwalimu wa sekondari amesahihisha kwa macho yake, swali kwa swali, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika bahasha. Hata hivyo nilimwomba ahesabu tena. Akahesabu, 47.

Katika thelathini na moja, wamefaulu ishirini na sita. Wale watatu wavivu nao walirudia, wakafaulu tena, sijui wana nini.

Cheti chako nimekifunga mwenyewe kati ya kadibodi mbili kisikunjwe, na nimekipeleka posta kwa miguu badala ya kukiacha kwenye kikapu. Kufunga bahasha ndiyo kazi ninayoijua, na hii nimeifunga vizuri.

Karani wa stoo


Mjini
12 Septemba

Mzee,

Shikamoo. Nimeona ni haki ujue mwisho wake, maana na wewe ulinieleza yako bila kujipendelea.

Cheti kilifika siku nne kabla ya mwisho, nafasi nimepata. Nimehamia tangu Jumamosi. Nina meza yangu ofisini karibu na dirisha, najumlisha malori badala ya kuyapima. Juzi walinipa hesabu ya msongamano wa wilaya saba, na niligawanya zote saba bila mkono kunikataa.

Jumamosi nilifika nyumbani alasiri na begi langu. Chiriku ndiye aliyefungua mlango. Amerefuka. Nilidhani atanirukia. Akasema, "Shikamoo, karibu ndani," taratibu hivyo, akanivutia kiti, kile kizuri cha wageni, akaniuliza kama nitakunywa maji. Nikamwambia, "Chiriku, ni mimi." Akasema, "Najua. Ngoja nimwite mama." Akaenda uani kumwita bibi yake.

Mama mkwe akaja anafuta mikono, akaniona nilivyokaa, akaelewa. Hakunificha. "Julai alivaa sare akakaa mlangoni asubuhi mbili, hataki kutoka mpaka uje. Ya tatu akaniuliza, kama mama haji, wewe huwezi kuwa mama? Ningemjibu nini, mwanangu? Mtoto alikuwa anachelewa shule." Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema ndiyo.

Kwa hiyo zile wiki chache zilikuwa chache kwako na kwangu tu. Nina hasira na wewe bado, Mzee, na sijui zitaisha lini. Nyingine ninazo na mimi mwenyewe, kwa kupanda lile lori la saruji nikarudi bila kubisha hodi. Staafu salama. Sikuombei mabaya.

Siku zote hizi nne amekuwa ananihudumia kwa adabu inayoniumiza. Leo nimemwambia kesho nitampeleka shule. Amenijibu kwamba njia anaijua, nisijisumbue, nitachoka. Nimemwambia basi atangulie yeye, mimi nitakuja nyuma yake.

Mama Chiriku